Kabla hamjamkabidhi Mzee kwa watu wa tiba shufaa

Leeds, Uingereza

Mama, shikamoo. Kaka, shikamoo. Wifi na watoto, mbukwenyi.

Ujumbe wa Kaka nimeupata: saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, na daktari ameshauri Mzee ahudumiwe nyumbani hapo Hombolo, Dodoma. Mnasema wa kumhudumia wako wa aina tatu: kikundi chenye gari kinachotoka mjini, nesi binafsi anayelipwa kwa siku, na kitengo cha hospitali ambacho hutembelea mara moja kwa mwezi. Mmeniomba nichague. Kuchagua nikiwa huku sitaweza, ila kazi hii ya tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ndiyo ninayoifanya, kwa hiyo nawaandikia mambo ya kuwauliza na majibu ya kuyategemea. Huku England wakaguzi wa serikali huingia kwenye vituo vya namna hii na kuandika ripoti ambayo mtu yeyote anaisoma. Kwa Mzee, wakaguzi ni ninyi.

Anzeni na usiku. Mwulizeni kila mmoja: Mzee akishikwa na maumivu saa nane usiku, Jumamosi, tufanye nini? Jibu la kuridhisha lina mambo matatu. Pawe na namba ya simu inayopokelewa na mtu mwenye taarifa za Mzee. Pawe na dawa ambayo tayari imo ndani ya nyumba. Na pawe na maandishi yanayosema mpeni kiasi gani, na mkirudia mrudie baada ya muda gani. Akiwajibu "mleteni hospitali asubuhi", huyo anatoa huduma ya mchana tu, na maumivu ya mifupa hukolea usiku. Namba mkishapewa, ipigeni usiku kweli, mara moja, mseme mnahakikisha kama inapokelewa. Isipopokelewa wakati wanatafuta kazi, msitegemee ipokelewe wakishaipata.

Ulizeni na habari ya mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mnajua makorongo yanavyojaa na gari kulala njiani. Anayejua kazi atawaambia kwamba msimu ule huacha dawa za siku nyingi zaidi, na kwamba kuna mtu wa bodaboda au mhudumu wa afya wa kijiji anayeweza kufika.

Sasa morfini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu. Kwa maumivu makali ya saratani, dawa ya msingi ni morfini ya maji ya kunywa. Hapo nyumbani imekuwa ikitengenezwa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa miaka mingi. Ni dawa inayodhibitiwa: huandikwa na daktari aliyesajiliwa na hutolewa na kituo kilichoruhusiwa. Duka la dawa muhimu la mtaani haliiuzi, na anayewaambia ataipata "kwa njia zake" muondokeeni. Nesi peke yake, hata awe hodari namna gani, lazima awe na daktari nyuma yake. Mwulizeni ni nani, na walizungumza lini mara ya mwisho kuhusu mgonjwa.

Akiwaambia kwamba morfini ni ya siku za mwisho, au kwamba Mzee atakuwa teja, hajafundishwa. Mgonjwa wa saratani huanzishiwa morfini kwa sababu ya ukali wa maumivu, sio kwa sababu ya siku zilizobaki, na wapo wanaoitumia kwa miezi mingi huku wakila, wakiongea na kwenda kanisani.

Morfini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kwa saa maalumu, maumivu yasisubiriwe. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili alale mpaka asubuhi. Mzee wa umri wake huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kwa kila dozi, na daktari ndiye atakayepanga. Maumivu yakipenya katikati, apewe dozi ya ziada ya kiasi kilekile, halafu ile ratiba iendelee kama kawaida. Kila dozi ya ziada iandikwe kwenye daftari. Daktari hujumlisha hizo za ziada kuona dozi ya kila siku ipandishwe kiasi gani, na mara nyingi hupandisha kwa theluthi moja hadi nusu. Mkiona wanauliza "mmempa ngapi za ziada tangu jana?", mjue mmepata watu wa kazi.

Pigeni hesabu ya chupa wenyewe. Tuseme dawa ni miligramu 5 katika mililita 5, na dozi ni miligramu 5. Dozi nne za mchana na ile ya usiku maradufu ni mililita 30 kwa siku. Ongezeni dozi mbili au tatu za ziada, mnafika mililita 40 hadi 45. Chupa ya mililita 100 haimalizi siku tatu. Basi wakiwaachia chupa moja na kusema tutaonana baada ya wiki mbili, wamemwachia Mzee siku kumi na moja za maumivu. Someni lebo kila mara chupa mpya inapokuja, kwa sababu zipo chupa zenye nguvu tofauti, na kosa la kupima mililita zilezile kwenye dawa iliyo kali mara kumi linaweza kuua. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msipime kwa kijiko cha chai. Chupa ikae mbali na jua na kwenye kabati lenye kufuli, pale watoto hawafiki.

Morfini isiyoandamana na dawa ya kulainisha choo ni nusu ya matibabu. Bisacodyl au senna ianze siku ileile, kila usiku, kabla choo hakijafunga. Kichefuchefu na usingizi huja siku mbili tatu za kwanza kisha hupungua, usingizi wa kubaki muda wote sio wa kawaida. Mzee akiwa haamki hata akitikiswa, au anapumua polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, msimpe dozi inayofuata, pigeni simu papo hapo.

Kwa Mzee kuna jambo la figo. Tezi dume ikibana njia ya mkojo, figo huumia, na figo zikiumia morfini haitoki mwilini, inarundikana. Dalili ni misuli kushtukashtuka, kuweweseka na kusinzia kupita kiasi. Kwa hiyo waulizeni: mmeona kipimo chake cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo? Kama figo zimepungua nguvu, dozi hupunguzwa na saa za kati huongezwa. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kusikia sindano za maumivu za diclofenac kila siku. Husaidia mifupa, lakini huchubua tumbo na kuumiza figo. Pethidine, dawa nyingine ya maumivu, pia isiwe ya kila siku: huisha haraka na mabaki yake ni sumu kwenye ubongo. Na dripu "ya nguvu" ni pesa yenu inayokwenda bure.

Ziara ya kwanza itawaonyesha mengi kuliko maneno ya ofisini. Kaeni kando muangalie. Haichukui chini ya saa moja. Anayejua kazi huvuta kigoda, huketi, huongea na Mzee mwenyewe kabla ya kuongea na Kaka. Huuliza maumivu yako wapi, yanaanza vipi, yanamwamsha au hapana. Humfungua kinywa kuangalia utando mweupe. Hugeuza mwili aone kitako, nyonga na visigino, na hubonyeza sehemu yenye wekundu kuona kama unapotea kidole kikiondoka. Usipopotea, kidonda kimeshaanza. Hupapasa tumbo la chini kujua kama mkojo umejaa. Huuliza amepata choo lini. Huomba dawa zote zilizopo ndani, na miti shamba pia, bila kumgombeza mtu. Akifika, akapima presha, akachoma sindano na kuondoka kwa dakika kumi na tano, msimlipe ziara ya pili.

Awafundishe na ninyi. Wifi ndiye atakayekuwa na Mzee saa nyingi kuliko nesi yeyote, kwa hiyo aonyeshwe kwa vitendo, naye arudie mbele yao: kumgeuza kila saa mbili bila kumburuta juu ya shuka, kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, kusafisha kinywa kwa maji ya chumvi kidogo. Kama ana mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu na usiguse sakafu. Mpira wa kawaida wa latex haupiti wiki nne, wa silikoni huweza kufika wiki kumi na mbili. Tarehe ya kubadilisha iandikwe. Mpira ukiziba, mzee mtulivu hugeuka ghafla kuwa mkali na kuchanganyikiwa, na watu husema amerukwa na akili.

Lipo swali moja la mtego kwa Mzee hasa. Waulizeni: miguu ikilegea ghafla tufanye nini? Saratani iliyo kwenye uti wa mgongo inaweza kubana neva. Dalili ni maumivu ya mgongo yanayozunguka kama mkanda, miguu kuwa mizito, ganzi, kushindwa kukojoa. Hiyo ni dharura ya siku ileile: deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, haraka, kisha hospitali na mpango wa mionzi. Akicheleweshwa mpaka miguu ife kabisa, mara nyingi hairudi. Anayejibu "ni uchovu wa ugonjwa" hafai kumhudumia mgonjwa huyu. Na kwa maumivu ya mfupa mmoja yanayokataa dawa, waulizeni kama wanajua namna ya kumpeleka kwenye mionzi. Mara nyingi dozi moja tu inatosha kuyatuliza.

Pawe na daftari linalokaa nyumbani, lenye orodha ya dawa na dozi, matokeo ya kila ziara, na jina la aliyekuja. Maumivu yaandikwe kwa namba. Njia rahisi ni ya mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali yasiyovumilika. Chama cha tiba shufaa cha Afrika, chenye makao Kampala, kina dodoso la maswali kumi, kila moja la alama 0 hadi 5, linalouliza hali ya siku tatu zilizopita. Maswali saba ni ya mgonjwa na matatu ni ya familia. Haliulizi maumivu tu; linauliza wasiwasi, amani ya moyo, na kama mmepata maelezo ya kutosha. Waulizeni kama wanalitumia. Hata wasipolitumia, lazima wawe na namba za kulinganisha. Mzee akionyesha vidole vinne leo, nataka wapige simu kesho, na ndani ya siku mbili tatu viwe viwili au chini ya hapo. Vikibaki vinne ziara tatu mfululizo na dozi ni ileile, badilisheni watu.

Leseni zitazameni kwa macho yenu: ya nesi kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, ya daktari kutoka Baraza la Madaktari. Ulizeni alisomea tiba shufaa wapi na kwa muda gani. Semina ya siku moja haitoshi. Bei iandikwe yote, pamoja na mafuta ya gari, glavu, bandeji na mipira.

Jambo gumu ni la ukweli. Najua Kaka hataki Mzee aambiwe. Timu nzuri haitamtupia mgonjwa habari wala haitamdanganya. Itamwuliza anajua nini na anataka kujua nini, ifuate anapoelekeza. Mzee ana mambo ya shamba, ya ng'ombe na ya mahali pa kuzikwa ambayo angependa kuyasema mwenyewe akiwa na nguvu. Mpeni nafasi. Waulizeni pia wanavyofanya siku za mwisho: nataka kusikia kwamba hawalazimishi chakula, maana chakula huingia njia ya hewa, kwamba kinywa kitalowanishwa, kwamba asiyeweza kumeza atapewa dawa kwa njia nyingine badala ya kukatishiwa, na kwamba yupo wa kuthibitisha kifo nyumbani na kuwapa karatasi ya kupeleka kwa mtendaji. Na baada ya msiba, warudi kumwona Mama.

Kwa hali mliyonieleza, mimi ningeunganisha wawili: kitengo cha hospitali kibaki na daktari wa kuandika morfini na kuangalia figo, na kikundi chenye gari kifanye ziara za kila wiki, mradi wakubali kuandika kwenye daftari moja. Nesi wa siku mwajirini iwapo Wifi atachoka, awe chini ya maelekezo yao.

Kaka, nipigie picha za lebo za dawa zote na majibu ya kreatinini unitumie kabla ya Alhamisi. Na jibu la saa nane usiku kutoka kwa kila mmoja wao, liandike kama walivyolisema, usilipambe. Nimetuma pesa ya bisacodyl na ya godoro. La sponji likiwa gumu mlibadilishe.

Mama, usiache kula kwa ajili ya kumuuguza. Msalimieni Mzee sana.

Mdogo wenu