Bitiruti na manjano si wino wa fulana

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumamosi inayowahimiza vijana wajitengenezee wino wa mimea wa kuchapia fulana. Wazo silipingi. Mimi naishi kwa kuchapa fulana za vikundi na za misiba hapa Mtwara, na harufu ya thina kibandani simtakii mtu. Ila mapishi mliyotoa, yaani bitiruti, manjano na magome ya mkandaa, ule mti wa jamii ya mikoko, yatawatia watu hasara.

Manjano kila aliyewahi kufua kanzu yenye mchuzi anayajua. Ukitia sabuni, doa linageuka jekundu. Ukianika juani, linapauka lenyewe. Fulana ya mteja itaponea wapi? Mtasema atie shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi. Shabu itaikoleza rangi, lakini jua halina habari na shabu. Bitiruti ndiyo usiseme: haishiki pamba, maji ya kwanza tu inaondoka.

Mkandaa una rangi ya kweli, hilo nawaachia. Lakini mti ukibanduliwa gome pande zote unakufa, na huku kwetu Ghuba ya Mnazi mikoko imo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Mnawapeleka vijana wa watu mikononi mwa askari.

Kinachofanya kazi kwenye mkandaa ni tanini, ule ukakasi wa mimea kama wa chai, na tanini tunayo ya kutupa. Akina mama wanaobangua korosho wakishamenya, hubaki kile kigozi chekundu kinachofunika kiini. Hicho ndicho nikitumiacho. (Si lile ganda gumu la nje! Mafuta yake yanababua mikono.) Ninaviloweka usiku kucha, asubuhi nachemsha kwa moto mdogo mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyokolea, nachuja, kisha nachovya melkini, kitambaa cha pamba, na kuianika. Hapo kitambaa kina hudhurungi hafifu tu.

Wino wenyewe ni chuma. Misumari yenye kutu inakaa kwenye ndoo ya siki, mfuniko ukiwa umelegezwa, hadi siki igeuke rangi. Naikoroga na uji mzito wa wanga wa muhogo, uliochujwa sana, maana chembe moja ikiziba wavu wa skrini ya kuchapia, picha inatoka na tundu. Ukipitisha mpira wa kusukumia wino juu ya skrini, unachoona kitambaani ni ute wa rangi ya kutu, hauna maana yoyote. Subiri kidogo. Chuma kikikutana na tanini ya vigozi, unaanza kuwa kijivu pembeni, halafu mistari yote inaingia weusi mbele ya macho yako. Wateja wangu husimama kuangalia hapo tu.

Msiache kuwaambia vijana na taabu zake. Uji ukikaukia kwenye wavu umekwisha, hivyo skrini ioshwe papo hapo. Dawa ya kushikia picha kwenye wavu iwe ile inayostahimili maji, la sivyo itamomonyoka katikati ya kazi. Na chuma kikizidi kinakula pamba: baada ya miezi herufi zinatoboka. Mimi hupunguza siki ya misumari, nasuuza kitambaa kwa maji ya chaki ili kuua ukali wa siki, kisha kwa maji matupu mengi.

Rangi utakazopata ni nyeusi, kijivu na hudhurungi. Anayetaka nyekundu ya kampeni anunue wino wa maji dukani, asidanganywe. Mimi mwenyewe fulana za kampeni bado nachapa kwa wino wa dukani.

Ombi langu ni kwa wenye viwanda vidogo vya kubangua: vigozi hivyo msivichome moto. Vifungeni kwenye viroba, mvianike visiote ukungu, mtuuzie. Na ninyi, Mhariri, mkiandika tena habari hii, fueni kwanza hiyo fulana ya bitiruti kabla hamjaipiga picha.

Mchapaji wa fulana,
Mtwara