Malalamiko: niliagiza Dungeons of Dread, mkaniletea kitabu kingine mkasema "ni ileile imeboreshwa"

Kwa Meneja wa duka,

YAH: KULETEWA KITABU SICHO NA KUKATALIWA KURUDISHIWA HELA

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa huku Tabata, nimeshanunua kwenu mara nne na sijawahi kuwasumbua, hata ile mara mlipochelewesha dadu wiki tatu nilinyamaza. Hii ya sasa hivi siwezi kunyamaza. Nimelipa kwa simu sh. 248,000 na boda juu yake 8,000, risiti ninayo, na skrinshoti ya tangazo lenu ninayo pia, nimeiambatanisha hapa kwa sababu naona juzi usiku mmelibadilisha maneno kimyakimya mkidhani hatuoni.

Tangazo lilisema hivi: Dungeons of Dread, chapa ya 2013, jalada gumu, adivencha nne za zamani kama zilivyotoka mara ya kwanza. Na picha ya jalada lake mkaweka. Kwa asiyejua, hicho ni kitabu cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na adivencha ni kisa chenye sehemu hatari ambacho anayeongoza mchezo anawapitisha wachezaji. Nikalipa siku hiyohiyo maana hicho kitabu nimekitafuta muda mrefu. Siku ya tatu anakuja kijana wa boda na mzigo umefungwa nailoni nyeusi, ndani yake khaki, ndani ya khaki seloteipu kama mnasafirisha mayai, nafungua nakuta Tales from the Yawning Portal ya 2017. Jina tofauti, jalada tofauti, mwaka tofauti. Nikampigia kijana pale pale akasema yeye ni wa kuleta tu bosi. Sawa, yeye simlaumu.

Nikawapigia nyie. Dada wa kastoma kea akanijibu vizuri tu kwa upole, akasema kaka usijali hiyo ndio toleo jipya, ni zilezile za zamani zimeboreshwa, tena umepata saba badala ya nne umefaidi. Nikamwambia dada yangu siyo zilezile. Akaniambia ngoja niulize. Akarudi akasema wameangalia, ni zilezile. Hapo ndio nikajua hakuna mtu dukani kwenu aliyefungua hata ukurasa mmoja, kwa hiyo ngoja niwaeleze mimi, na naomba mtu asome mpaka mwisho kabla ya kunitumia ile meseji yenu ya "tumepokea malalamiko yako".

Kwanza hesabu tu, hata kama hujui mchezo. Dungeons of Dread ina adivencha nne: Tomb of Horrors ya 1978, White Plume Mountain ya 1979, Expedition to the Barrier Peaks ya 1980 na The Lost Caverns of Tsojcanth ya 1982. Kwenye hicho mlicholeta, katika hizo nne zimo mbili za kwanza tu. Ile ya Barrier Peaks, ya chombo cha anga kilichoanguka mlimani, haimo, ya mapango ya Tsojcanth haimo. Hizo tano zilizobaki kujazia saba ni nyingine kabisa ambazo sikuziomba. Nilipomwambia hivyo dada akaenda kuuliza tena, akarudi na jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na huku nimekasirika, eti hizo mbili zinazokosekana zipo kwenye kitabu cha 2024 kinaitwa Quests from the Infinite Staircase, mnacho stoo, niongeze hela mniletee. Yaani kosa ni lenu, halafu dawa yake ninunue kitabu kingine! Na hicho nacho kimeandikwa upya kwa sheria mpya, kwa hiyo hata nikikubali bado sina nilichoagiza.

Sasa hapo kwenye sheria ndio kuna ugomvi wenyewe. Sisi mezani kwetu tunacheza toleo la kwanza, lile la mwishoni mwa miaka ya sabini. Siyo kwamba tunaringa. Mjomba wangu alisoma Milwaukee miaka ya themanini, jimbo lilelile la Wisconsin ambako ndiko ilikokuwa kampuni ya TSR waliotoa huu mchezo, pale Lake Geneva, na alivyorudi nyumbani Tanga akaja na vitabu vya sheria na boksi la 1981, ndani yake dadu za plastiki ambazo namba zake hazikutiwa rangi, unapewa kalamu ya nta usugue mwenyewe mpaka nta iingie kwenye zile namba halafu unafuta na kitambaa. Nimejifunza kuhesabu kwa zile dadu. Vijitabu vyake vya adivencha mchwa walivila 1998, vilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, ikabaki mijalada ina matobo kama chujio la nazi. Vitabu vya sheria vilipona kwa sababu vilikuwa juu ya kabati. Ndio maana nataka zile adivencha kama zilivyokuwa, ili ziendane na sheria tulizonazo.

Hicho mlicholeta kimeandikwa kwa sheria za 2014, toleo la tano. Dada anasema tofauti ni ndogo. Tofauti ni hivi, kwa sheria zetu namba ya kinga ya mhusika ikishuka ndio anakuwa mgumu kupigika, kwa sheria za sasa ikipanda ndio anakuwa mgumu. Yaani ni kinyume! Kila jini, kila zimwi, kila mlinzi aliyeko humo nikae nigeuze namba zake kwa mkono. Kwetu sumu ni dadu moja, ukikosa umekufa, chukua karatasi nyingine uandike mtu mwingine. Huku kwenye toleo jipya mara nyingi sumu inakupunguzia nguvu tu unaendelea na safari. Na kubwa kuliko zote ni dhahabu. Kwetu dhahabu uliyofanikiwa kutoka nayo ukiwa hai ndio inayokupandisha levo, kwa hiyo watu wanaingia kwenye kaburi la Acererak, yule mchawi mfu wa Tomb of Horrors, kwa akili ya mwizi, wanapapasa ukuta, wanasukuma mlango na fimbo ndefu, wanabishana nusu saa kuhusu kufungua sanduku. Adivencha yenyewe ndivyo ilivyotungwa, Gary Gygax, mmoja wa waliobuni huu mchezo, aliipeleka kwenye mashindano ya Origins 1975 kuwapima wachezaji wazoefu, mapigano humo ni machache mno, kinachoua ni mitego. Ukiondoa ile hesabu ya dhahabu ukaweka hesabu ya kupata pointi kwa kuua mazimwi, watu watafanya nini kwenye kaburi ambalo mazimwi wa kuua hawajai hata vidole vya mikono?

Kuna na suala la picha, hili ndio limeniuma kuliko hata hela.

Tomb of Horrors ya 1978 ilitoka na kijitabu cha pembeni cha michoro mitupu. Kazi yake ni kwamba anayeongoza mchezo hasimulii tu, anainua mchoro, wachezaji wote wanaona kitu kilekile kwa pamoja, na kama kuna kitu kimejificha kwenye mchoro ni juu yao kukiona. Ile chapa ya 2013 imeirudisha michoro hiyo ndani. Mlicholeta ni kitabu kimoja kina picha zake nzuri za rangi lakini kijitabu hicho hamna. Mimi Jumamosi ile nilikuwa nimeshawaalika watu, watano, mmoja katoka Mbagala kwa daladala mbili, nikasema basi siwezi kuwarudisha, ngoja nijaribu na hichohicho. Tukafika kwenye lile kinyago la uso wa shetani wa kijani, mdomo wazi, ndani giza totoro. Hapo ndipo ulitakiwa uinue mchoro unyamaze kimya. Mimi sina mchoro. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikageuza nyuma, nikachora na biro ya bluu. Bwana we, ikatoka kama paka ana jino linauma. Watu wakacheka mpaka mama mwenye nyumba akachungulia. Na jamaa yetu mmoja fundi simu, kwa kuwa alishacheka hofu ikamtoka, akasema mimi naingia mdomoni humo nione kuna nini, akaingia, akaisha. Kwa sheria zetu pale hakuna kurusha dadu kujiokoa, ukiingia umekwenda. Akaanza kunilaumu mimi kwamba mchoro wangu ulimdanganya, na kwa kweli sikuwa na la kumjibu.

Naomba mnielewe, sisemi kitabu cha 2017 ni kibaya. Kwa mtu anayecheza toleo la tano ni kizuri tu, tena mmoja wetu ameshapenda ile ya hekalu la Tamoachan, mojawapo ya zile tano, anataka kujifunza sheria mpya kwa ajili yake. Kuandika upya kazi ya zamani ni jambo la kawaida, sina ugomvi na waliokiandika. Ugomvi wangu ni kuniuzia kitu kwa jina la kitu kingine. Mtu akiagiza chapati za maji ukampelekea za kusukuma, zote chapati, zote unga, lakini siyo alichoagiza na huwezi kumwambia hizi zimeboreshwa.

Halafu kuhusu hoja yenu kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudi. Mmefunga nailoni nyeusi na khaki na seloteipu, ningejuaje kilichomo bila kufungua? Hiyo ndio kuuziwa mbuzi kwenye gunia yenyewe. Na sharti hilo kwenye tangazo halikuwepo siku niliyolipa, angalieni skrinshoti.

Na yule kijana aliyenitumia meseji WhatsApp saa nne usiku kwamba yaishe, anitumie PDF za zile nne bure, mwambieni asirudie. Kwanza hizo PDF wenye haki wanaziuza wenyewe mtandaoni kihalali, ningetaka ningeshanunua, wala siyo ghali. Pili mjomba ana miaka 66, macho yake ya simu hayapo tena, anasoma karatasi tu na miwani mbili. Kitabu hiki ni kwa ajili yake. Desemba anakuja Dar kwenye harusi ya binti yake na ametuahidi kwamba ataongoza yeye Tomb of Horrors usiku mmoja, ile aliyowahi kuwaongoza wenzake bwenini huko Milwaukee, na ninachotaka mimi ni kumwekea mezani bila kumwambia.

Kwa hiyo ninachoomba: mniletee Dungeons of Dread ya 2013 kama tangazo lilivyosema, au kama hamna (na nahisi hamna, na hamkuwahi kuwa nayo) mnirudishie sh. 256,000 yote, pamoja na ya boda, kwenye namba ileile niliyolipia, ndani ya siku saba. Na kwenye tangazo andikeni mwaka na toleo la sheria waziwazi, maana najua wapo wengine wataagiza kama mimi.

Kitabu chenu kipo, hakijachanika, hakina doa. Kijana wa boda aje Jumamosi kabla ya saa tisa mchana, akija baada ya hapo atatukuta tumeshaanza kucheza na hakuna atakayeamka kumfungulia geti.

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam