Wifi, dania yako haikufa kwa mkono wako

Wifi yangu,

Siku ile barazani uliposema una mkono wa moto, kila unachopanda chafa, nilinyamaza kwa kuwa wageni walikuwa wengi na nilikuwa na sufuria jikoni. Leo nakujibu, tena hadharani, maana hauko peke yako. Roshani za Mombasa yetu hii zimejaa makopo yenye udongo mtupu.

Mkono wako hauna neno. Maji yako ndiyo yenye neno.

Nilipokuja kwako Tudor mwezi wa pili niliitazama ile dania uliyoiacha ikauke. Ncha za majani zilikuwa zimeungua, na juu ya udongo pameganda ukoko mweupe. Nikaugusa kwa kidole, nikauonja (cheka tu): chumvi! Wamwagilia maji ya kisima, yale yale yanayokataa kutoa povu ukifua. Jua layakausha maji, chumvi yabaki. Kesho waongeza nyingine. Hata mnazi ungelalamika.

Najua maji matamu ya mfereji, hayo yanayotoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, huja siku yanayotaka yenyewe. Mimi nakinga. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, yote yaenda kwenye ndoo kabla ya chumvi kuingia popote. Masika naweka mtungi chini ya mlizamu. Na mara moja moja naimwagia ndoo yenye dania maji matamu mengi mpaka yachuruzike chini, yaondoke na chumvi iliyokaa. Kwa hiyo toboa matundu, wifi. Ile ndoo yako ya rangi haikuwa na hata moja. Msumari uliopashwa moto watosha.

Halafu kuna majira. Ulipanda kaskazi, joto limepamba moto. Dania hupenda ubaridi. Ikihisi joto huacha habari ya majani, ikarefuka na kukimbilia maua. Ngoja kusi ikae sawa, mwezi wa sita hadi wa nane, uiweke mahali penye jua la asubuhi tu. Mchana mimi naikinga kwa kipande cha kuti.

Mbegu nazo zilinitia hasara. Nilinunua pakiti kwenye duka moja la mjini, picha yake nzuri kama ya harusi, nikangoja wiki tatu, haikuota hata moja. Sasa nanunua dania nzima ya kupikia kule Marikiti, isiyokaangwa. Itazame punje moja kwa makini: ni mviringo wenye mistari, na ndani mna mbegu mbili zimekumbatiana. Nazibingirishia chupa juu ya kibao cha chapati, polepole, mpaka zipasuke katikati bila kuwa unga. Nazirowesha usiku kucha, asubuhi nazitawanya palepale zitakapokulia, maana dania haipendi kuhamishwa. Nazifunika kwa udongo kama unene wa kidole. Wiki moja au mbili, utaona vijani viwili vyembamba visivyofanana na dania hata kidogo. Usiving'oe ukidhani ni magugu! Mimi nilishaving'oa.

Udongo wetu wa matumbawe ni mgumu na mkavu. Nauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa, yapate kushika maji.

Dania ikitoa maua, iache. Nyuki watakuja, kisha punje mbichi za kijani zitakazokufaa kwenye chatne ya ukwaju. Zilizokauka panda tena.

Nanaa haihitaji hadithi ndefu. Chukua vijiti kwenye fungu la sokoni, ondoa majani ya chini, tumbukiza kwenye glasi ya maji. Mizizi ikitoka, panda. Lakini ipe ndoo yake peke yake! Niliiweka na dania, ikapita chini kwa chini kama mgeni wa siku mbili aliyeanza kupanga vyombo jikoni. Mwezi haukuisha, ndoo yote yake. Mchaichai nao waota hivyo hivyo, kwa shina lenye kitako, ila wataka chombo kikubwa.

Mrehani najua hutaki wa mchuzi, wataka wa vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa. Sawa. Uukate maua kila yachomozapo, utazidi kutoa matawi, na asumini itapata mwenzake siku ya harusi ya mwanao.

Ijumaa ukija kwa biriani, njoo na ndoo mbili tupu. Dirishani pangu pana glasi yenye nanaa iliyokwisha toa mizizi. Hiyo ni yako. Glasi nirudishie, ni ya seti.

Wifi yako wa Kibokoni