Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Rangi Iondolewe kwenye Vioo vya Madarasa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KURUDISHA MIMEA NA MWANGA MADARASANI KWA AJILI YA USTAWI WA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Chumba ninachofundishia kina madirisha manne, na vioo vyote vya chini vimepakwa rangi nyeupe mpaka kimo cha mtu mzima. Nilikuta hivyo. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwa kifupi: watoto wasichungulie nje. Ng'ambo ya rangi hiyo kuna mti mkubwa. Watoto wangu wanasikia upepo ukipita kwenye majani yake, wanasikia ndege wakigombana matawini, lakini hawauoni.

Nakuandikia kwa sababu ya rangi ile. Naamini aliyeipaka alikuwa na nia njema, na naamini inawaumiza watoto.

Aliyepaka alidhani mtoto anayetazama mti amepoteza kipindi. Waliochunguza jambo hili wameona vingine. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza, tangu miaka ya 1980, kwamba umakini wa kujilazimisha, huu tunaoutumia kugawanya namba ndefu, huchoka. Ukishachoka mtoto anakosea kitu anachokijua, anakasirika upesi, anampiga kiwiko mwenzake. Kila mwalimu anaijua saa hiyo ya siku. Kinachoupumzisha umakini huo ni kitu kinachovuta macho bila kuyashurutisha: majani yanayocheza, mawingu yanayosogea, maji yanayotiririka.

Mwaka 2016 Dongying Li na William Sullivan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 94 wa sekondari katika jimbo la Illinois, Marekani. Wengine walikaa katika chumba kisicho na dirisha, wengine katika chumba chenye dirisha linalotazama majengo, na wengine dirisha lao lilitazama miti. Wote walipewa kazi za darasani, kisha wakapumzika dakika 10 humo humo. Baada ya mapumziko, waliokuwa na miti mbele yao walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini, na miili yao ilikuwa imetulia upesi zaidi kutoka kwenye msongo. Dirisha linalotazama majengo halikuwa na faida ya maana kuliko kutokuwa na dirisha kabisa.

Dakika 10 tu, Mheshimiwa, na kwa upande wetu mti umeshaota.

Barcelona nako, utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 2,593 wa shule 36 kwa mwaka mzima. Pale ambapo shule ilizungukwa na kijani kingi zaidi, uwezo wa watoto kushika mambo kichwani huku wakiyafanyia kazi ulikua kwa kasi zaidi. Watafiti walieleza kwamba sehemu ya faida hiyo ilitokana na moshi wa magari kuwa mdogo. Mimi sioni kama hilo linapunguza uzito wa hoja. Mapafu nayo ni ya mtoto yule yule.

Sasa nikueleze nilichokiona mwenyewe. Muhula uliopita nilipanga chupa 11 za kioo dirishani. Kila moja ilikuwa na pamba mbichi, na punje ya haragwe iliyobanwa kati ya pamba na kioo ili mzizi uonekane ukitoka. Kazi ya kulowesha pamba nilimpa binti mmoja ambaye tangu ahamie kwetu alikuwa hasemi chochote darasani. Alikuwa na tabia ya kuchana pembe za daftari lake, kidogo kidogo, mpaka linabaki kama yai. Mizizi ilipotoka, akailaza chupa moja ubavu bila kumwambia mtu. Siku mbili baadaye alikuja mezani kwangu ameishika kwa mikono miwili. Mzizi ulikuwa umekunja kona na kuelekea chini upya. Akasema, "Mwalimu, mzizi unajua chini ni wapi."

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuisikia kwake. Niliweka kando somo nililokuwa nimeliandaa, tukafundishana kwa chupa ile kipindi kizima, na wengine nao wakalaza za kwao.

Sidai kwamba haragwe limemponya. Kuna siku bado anachana daftari. Lakini alianza kufika shuleni mapema kuliko wote, na wenzake wakawa na sababu ya kumsemesha: wa kwangu umetoka? wa kwangu mbona umeoza?

Kisha akaja mkaguzi. Akaandika kwamba dirishani kuna vitu visivyohusika na ufundishaji, nami nikaagizwa niviondoe. Binti yule ndiye aliyezitoa chupa nje, moja moja.

Simlaumu mkaguzi, maana fomu yake haina mahali pa kuandika kitu kama hicho isipokuwa kwenye kasoro. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo wewe peke yako unapoweza kugusa. Fomu inahesabu madawati, vitabu na chati za ukutani. Iongezwe mistari miwili: je, mtoto akiwa amekaa anaona kitu chochote kinachoota? Na je, darasani kuna kiumbe hai ambacho watoto wenyewe wanakitunza? Walimu tunafuata kinachokaguliwa, hilo unalijua.

Naomba pia jambo hili lisiuzwe kwa hoja isiyo ya kweli. Wapo wanaosema vyungu vichache vya maua husafisha hewa ya darasa. Imani hiyo imetokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Darasa si kisanduku. Hewa ya darasa husafishwa na dirisha lililofunguliwa, na mmea una kazi nyingine. Halafu mimea ichaguliwe kwa akili. Oleanda ni sumu, na difenbakia huunguza mdomo wa mtoto anayeitafuna, ingawa yote mawili hupandwa kwa kupendeza kwake. Na lazima ijulikane nani anamwagilia likizo, kwa sababu mmea uliokauka mbele ya watoto unawafundisha kitu tusichokusudia.

Kuhusu masomo ya nje, wenzangu wengi wanaogopa kwamba watoto wakitolewa watarudi wakorofi. Utafiti wa Ming Kuo na wenzake, uliotoka mwaka 2018, ulilinganisha vipindi vilivyofuata somo la nje penye majani na vile vilivyofuata somo la ndani. Baada ya somo la nje, mara ambazo mwalimu alilazimika kukatiza somo ili kuwarudisha watoto kwenye kazi zilipungua karibu nusu. Kwa hiyo naomba ratiba iruhusu kwa maandishi angalau kipindi kimoja kwa wiki chini ya mti, kiwe cha hesabu au cha lugha, bila mwalimu kuitwa ofisini kujieleza.

Haya siyo mageni kisheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 29, unasema elimu ya mtoto ilenge pia kumjengea heshima kwa mazingira asilia. Sijui namna ya kumjengea mtoto heshima kwa kitu tulichokipakia rangi asikione.

Najua utasikia habari ya bajeti. Kukwangua rangi kunahitaji wembe, maji ya sabuni na Jumamosi moja. Niko tayari kufanya la kwangu mwenyewe, na wazazi kadhaa wamekubali kunisaidia. Kinachokosekana ni ruhusa. Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja, wenye saini yako, utakaomfikia mwalimu mkuu na mkaguzi kabla muhula haujafunguliwa.

Binti yule ameniuliza mara mbili chupa zitarudi lini. Nimemwambia nimekuandikia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tatu