Watoto waambiwe ukweli kuhusu mihadarati mapema

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu watoto wetu wa gredi ya 7 na 8 hapa Kisumu kujiingiza kwa mihadarati. Juzi pale Kondele nimeona kijana wa yunifomu, hajaota hata ndevu, ameweka kuber, ile tumbaku ya kufyonza, chini ya mdomo anatema mate kwa steji ya boda na hakuna mtu mzima amemuuliza kitu, roho iliniuma sana. Sisi wazazi tunasema tu "wachana na hizo vitu" alafu tunanyamaza, na mtoto wa miaka 13 ukimnyima sababu ataenda kuitafuta kwa wenzake.

Aambiwe wazi, ubongo wake bado unakua mpaka karibu miaka 25, bangi inaharibu kumbukumbu, na pombe ikitiwa methanoli inapofusha macho ama inaua, si tuliona watu wakifa hivyo Kirinyaga 2024? Naomba shule zitenge hata nusu saa kwa wiki, zilete muuguzi na mtu mwenye alitumia akaacha, waongee bila viboko wala matusi, na sisi wazazi tuitwe tukae hapo hapo tusikie.

Mzazi,
Kisumu