Swalehe, zitoe kora juani

Shangani, Mtwara
Jumanne usiku

Swalehe ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Za Lindi, za nyumbani, Mama Zuhura hajambo? Huku wazima, umeme tu ndio unatuchezea.

Ile picha yako imeninyima usingizi. Kora, zile silinda mlizozitoboa kwenye zege la bwawa ili tuzipime nguvu, mmezianika uani kama makopa! Zitoe juani kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Unajua zege hushindwa likivutwa, si likibanwa, na tetemeko hulivuta ghafla. Bwawa la Koyna kule India, tetemeko la Desemba 1967, ukuta wa mita 103 ulipata nyufa pande zote mbili, pale juu unapobadilisha mteremko. Ndiyo maana kora zinalazwa ubavu na kubanwa toka juu, zivutike katikati hadi zipasuke: nusu ya kora polepole, dakika mbili tatu, na nusu nyingine ndani ya sekunde 0.1. Ikivutwa ghafla, kora huhimili zaidi, pengine nusu tena ya ile ya polepole. Lakini nyongeza hiyo inategemea sana maji yaliyomo kwenye vitundu vya zege, yanayougomea ufa kufunguka. Kora kavu itakudanganya. Na ngozi ikikauka kabla ya tumbo, hujivuta ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele, hata jibu la polepole linashuka. Kuloweka tena hakuzibi nyufa hizo.

Kwa hiyo zilizoanikwa zitenge, ziwe za kujaribia mashine. Zilizobaki tia kwenye pipa la maji ya chokaa. Siku ya safari zifunge magunia mabichi, juu yake nailoni.

Mashine ya kawaida ya kuvunja silinda haifai, pampu yake haina kasi. Tunataka ya haidroliki inayoongozwa na kompyuta, na loga, kile kinasa vipimo, isome mara 5,000 kwa sekunde. Ikisoma mara 100, kwa sekunde 0.1 unaambulia nukta kumi na kilele kimekupita. Halafu vile vibanzi vya plaiwudi vya kuweka kati ya kora na chuma cha mashine, milimita 3, usivirudie kwenye kora mbili. Bei yake nini hata mtu abane?

Hesabu ni ileile: kora ya kipenyo milimita 150 na urefu 300 ikipasuka kwa kilonyutoni 180, nguvu yake ya kuvutwa ni megapaskali 2.55.

Sasa nijibu. Zimekaa juani siku ngapi? Kokoto kubwa kabisa ina milimita ngapi? Ikizidi 50, kora ya 150 ni nyembamba mno. Zenye mstari wa tabaka, pale zege jipya lilipomwagwa juu ya la zamani, umezitia alama, au zimechanganywa na nzima? Magunia ya korosho yapo? Na Chande karudisha ile biti ya almasi?

Wako,
Hamisi