Malalamiko Kuhusu Soksi za Kubana Zilizouzwa kama Kifaa Tiba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SOKSI ZA KUBANA ZISIZO NA KIWANGO CHA MGANDAMIZO

Nawaandikia kuhusu soksi za kubana nilizonunua kwenu kwa ajili ya mama yangu, ambaye vena za miguu yake, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zimevimba na amewahi kupata kidonda juu ya kifundo. Daktari alimwandikia soksi zenye mgandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo cha nguvu ya mbano. Tangazo lenu lilisema hizi ni soksi "za tiba na michezo", nami nikaliamini.

Mzigo ulipofika sikuona kiwango cha mgandamizo popote, si kwenye boksi wala kwenye lebo. Kilichoandikwa ni "mbano wa hali ya juu". Wa juu kiasi gani? Hata saizi mmezipanga kwa namba ya kiatu, ilhali soksi ya tiba huchaguliwa kwa kupima mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba na wa shavu la mguu pale palipo panene, tena asubuhi, mguu kabla haujavimba.

Baya zaidi ni namna zinavyobana. Soksi ya tiba hubana zaidi kifundoni, na kadiri inavyopanda mbano hupungua, ili damu isaidiwe kurudi moyoni. Zenu zinapwaya kifundoni na kukaza chini ya goti. Jioni mama alipozivua, ukanda wa juu ulikuwa umemwachia alama nyekundu, na mguu umevimba kuliko ulivyokuwa asubuhi. Huko ni kuifungia damu njia.

Mkimbiaji anayetafuta nafuu ya misuli baada ya mazoezi huenda asidhurike. Lakini wapo wagonjwa wasiopaswa kuvaa soksi kali bila kupimwa kwanza, hasa wenye ateri za miguu (mishipa inayopeleka damu miguuni) zilizoziba. Onyo hilo halimo kwenye boksi lenu, na kwa kweli jambo hilo limenikasirisha kuliko fedha niliyopoteza.

Nilipopiga simu niliambiwa soksi zikishavaliwa hazirudishwi. Mtu atajuaje zinavyobana bila kuzivaa?

Naomba mnirudishie fedha zote. Pia liondoeni neno "tiba" kwenye tangazo hadi mtakapoandika mgandamizo uliopimwa, jedwali la vipimo vya mguu na onyo kwa wagonjwa wa ateri. Nimeambatisha risiti na picha. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayosimamia vifaa tiba.

Wasalaam,
Mteja wenu